Skrini ya kompyuta haitaki kutokea kwenye TV: fuata dalili

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ukumbi wa semina dakika ishirini kabla ya kikao kuanza. Runinga kubwa ilikuwa ukutani, kompyuta mezani, zote zimewashwa na zote zimeshika Wi-Fi ya ruta ndogo ya pale pale. Mtoa mada alikuwa amebonyeza Windows + K, vitufe vya kutafuta skrini zisizo na waya, hadi vidole vimechoka, na jina la runinga halikutokea hata mara moja. Nilichukua rimoti, nikaingia kwenye taarifa za runinga, nikakuta ni ya Google TV. Ilikuwa inapokea Google Cast, naye alikuwa anaitafuta kwa Miracast. Tukafungua Chrome, tukabofya Cast, jina likatokea, picha ikapanda ukutani. Hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika mle ndani.

Watu wengi wanaponiuliza kuhusu kurusha skrini bila waya wanaanza na ruta, au wameshaanza kuulizia bei ya runinga nyingine. Swali la kwanza ni jingine: kompyuta yako na runinga yako zinaongea lugha gani?

Lugha tatu

Miracast ilianza mwaka 2012 chini ya Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni unaosimamia Wi-Fi. Inaunganisha kompyuta na runinga moja kwa moja kwa Wi-Fi Direct, kwa hiyo haihitaji ruta wala intaneti. Windows inayo tangu toleo la 8.1. Kwenye runinga huwa imevaa majina tofauti: LG wanaiita Screen Share, Samsung Screen Mirroring, na Hisense nyingi zinaiita Anyview Cast.

Google Cast ilikuja mwaka 2013 na Chromecast, kifaa kidogo cha Google cha kuchomeka kwenye TV. Hii hupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo kompyuta na runinga lazima ziwe kwenye mtandao mmoja. Inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote yenye Chrome, iwe Windows, Mac au Linux. Runinga za Android TV na Google TV huwa nayo ndani tayari.

AirPlay ni ya Apple. Runinga za Samsung, LG na Sony zilianza kuipokea mwaka 2019, ila si modeli zote. Mac hairushi kwa Miracast, na Windows yenyewe hairushi kwa AirPlay. Mwenye Mac na runinga inayojua Miracast peke yake anaweza kubofya mpaka alfajiri. Hapo suluhisho ni waya wa HDMI au kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya runinga kinachoelewa Cast au AirPlay.

Upande wa Windows kuna amri moja inayookoa muda mwingi. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, andika:

netsh wlan show drivers

Shuka hadi mwisho, utafute mstari wa Wireless Display Supported. Ukisoma Yes, kompyuta inaweza Miracast. Ukisoma No, angalia mabano yanayofuata, maana yanataja mkosaji: draiva (programu inayoendesha kifaa) ya michoro au draiva ya Wi-Fi.

Ikiwa michoro ndiyo inasema No, nenda Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, ujue Windows ilipigwa upya na hakuna aliyeweka draiva halisi. Hili nimeliona mara nyingi sana kwenye kompyuta za mtumba: zinasafishwa, zinawekewa Windows mpya, zinapangwa dukani, na draiva ya michoro inasahaulika kwa sababu skrini inawaka vizuri tu. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, au ya Intel, AMD au NVIDIA kulingana na kilichomo ndani, kisha rudia amri.

Ikiwa Wi-Fi ndiyo inasema No, mara nyingi kadi yenyewe ni ya zamani, au unatumia adapta ndogo ya USB isiyojua Wi-Fi Direct. Jaribu draiva mpya kwanza. Ikigoma, hama kwenye Cast kwa njia ya Chrome, maana Cast haijali hilo. Na kama unakwenda kununua kompyuta ya mtumba na unajua utairusha kwenye TV, mwombe muuzaji aendeshe amri hii mbele yako kabla hujatoa pesa. Ni sekunde kumi tu.

Jina la runinga halitokei kwenye orodha

Kwa Miracast, runinga nyingi hazitangazi jina lao mpaka uziweke katika hali ya kusubiri. Kwa LG au Hisense, fungua kwanza Screen Share au Anyview Cast kwa rimoti, ndipo urudi kwenye kompyuta ubonyeze Windows + K. Hakikisha Wi-Fi ya kompyuta imewashwa, hata kama intaneti unaipata kwa waya. Zima VPN. Zima pia Mobile hotspot ya Windows kama unagawia wengine intaneti, kwa sababu inatumia njia ile ile ya Wi-Fi Direct ambayo Miracast inaihitaji.

Kwa Cast na AirPlay, jambo kubwa ni mtandao mmoja, na hapa naomba tukae kidogo.

Dada yangu alihamia nyumba mpya, akafungiwa intaneti ya waya. Mafundi wakaacha kisanduku chao sebuleni kando ya TV. Wi-Fi haikufika chumba cha nyuma, shemeji akaenda Kariakoo akanunua ruta, akaichomeka kwa waya kutoka kwenye kile kisanduku, na ili simu zisisumbue akaipa jina lile lile na nenosiri lile lile. Intaneti ikafika nyumba nzima, kila mtu akafurahi. Lakini kompyuta ikiwa chumbani haikuiona TV hata kidogo, na ikiletwa sebuleni mara inaiona, mara haiioni. Wakaamini runinga ni mbovu.

Nilifungua mipangilio ya mtandao ya runinga nikasoma anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao: 192.168.1.23. Kwenye kompyuta nikaandika ipconfig, nikasoma 192.168.0.104. Tazama sehemu ya tatu, kati ya nukta ya pili na ya tatu. Runinga iko kwenye 1, kompyuta iko kwenye 0. Ruta ile ya Kariakoo ilikuwa imejenga mtandao wake yenyewe nyuma ya ule wa kwanza, na ujumbe wa kutafuta runinga hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Jina la Wi-Fi lilikuwa moja, mitandao ilikuwa miwili. Kompyuta ilipofika sebuleni wakati mwingine ilishika kisanduku, wakati mwingine ikaendelea kung'ang'ania ruta ya chumbani, ndiyo maana ikawa leo ndiyo, kesho hapana.

Dawa ilikuwa kuingia kwenye ruta ya pili na kuibadilisha iwe Access Point, ili iache kugawa anwani na iwe tawi tu la mtandao wa kwanza. Ruta nyingi zina chaguo hilo kwenye menyu ya Operation Mode. Ikawaka upya, kompyuta ikapata 192.168.1.31, na runinga ikaonekana hata kutoka chumbani.

Kwa hiyo usiridhike na jina la Wi-Fi. Soma anwani mbili, ya runinga na ya kompyuta. Katika mitandao ya nyumbani, kama sehemu tatu za mwanzo hazilingani, huna mtandao mmoja.

Zikilingana na bado runinga haionekani, kuna watuhumiwa wengine. Angalia kama mojawapo iko kwenye mtandao wa wageni, ule wenye neno Guest, kwa sababu umetengenezwa makusudi usione vifaa vingine. Ingia kwenye ruta utafute AP Isolation au Client Isolation, inayozuia vifaa vya mtandao mmoja kuonana, uzime. Kisha upande wa Windows, fungua Settings, Network & internet, bofya sifa za Wi-Fi uliyomo, na uhakikishe imewekwa Private network. Ikiwa Public, Windows hujificha na hufunga milango mingi ya kuwasiliana na vifaa jirani. Kwa Wi-Fi ya nyumbani chagua Private. Kwa Wi-Fi ya mgahawa au stendi iache Public.

Hotelini na hosteli za chuo mara nyingi utakwama, na haki yao, maana hawataki mgeni wa chumba 12 aione kompyuta ya mgeni wa chumba 14. Usipigane na mtandao wao. Washa hotspoti ya simu yako, unganisha runinga na kompyuta humo zote mbili, ujaribu tena. Na tuelewane kuhusu bando: picha inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye runinga haili bando, inatembea ndani ya hotspoti tu. Kinacholiwa ni kile unachokifungua kutoka intaneti. Ukirusha slaidi zilizomo kwenye kompyuta, bando karibu haliguswi.

Jina lipo, lakini ikijaribu kuunganisha inakataa

Mara ya kwanza unaporusha, runinga huuliza kwa rimoti kama unaruhusu. Mtoto akiwa ameshika rimoti akabofya Deny, runinga inaweza kulikumbuka jibu hilo na kukataa kimya kimya kila mara baadaye. Kwa Samsung, ingia Settings, tafuta Device Connection Manager kwenye sehemu ya vifaa vya nje, fungua Device List, ufute jina la kompyuta au uliruhusu. Kwa aina nyingine, tafuta orodha ya vifaa ndani ya mipangilio ya Wi-Fi Direct.

Kisha futa pia upande wa kompyuta: Settings, Bluetooth & devices, chagua runinga, Remove. Zikutane upya kama hazijawahi kuonana. Hatua hii peke yake imemaliza kesi nyingi ambazo wenyewe walikuwa wamekata tamaa.

Kitu kingine: kubonyeza kitufe chekundu cha rimoti hakuzimi runinga, kunailaza tu. Chomoa waya kwenye soketi, subiri dakika moja, uchomeke. Ruta nayo vivyo hivyo.

Ikiwa una programu ya kuzuia virusi yenye ulinzi wake wa mtandao, isitishe kwa dakika tano ujaribu. Ikikubali, usiiache imezimwa. Iwashe, halafu uruhusu urushaji kwenye mipangilio yake. Na kama kompyuta ni ya ofisi, inawezekana kabisa watu wa TEHAMA wamefunga njia hiyo makusudi. Waulize.

Wanaokaa kwenye maghorofa waangalie jina kabla ya kubofya. Runinga tatu za aina moja kwenye jengo moja zinaweza kutangaza majina yanayofanana, na Miracast haijali ukuta wa jirani. Sipendi kufikiria hati ya mshahara ya mtu ikitokea sebuleni kwa jirani wakati wa taarifa ya habari. Badilisha jina la runinga yako, uliite kitu unachokitambua, na kama ina chaguo la PIN, liwashe.

Picha inakuja, lakini inagandaganda

Hapa watu hulaumu kasi ya intaneti, na wengine hulipia kifurushi kikubwa zaidi bila kupata nafuu yoyote. Picha ya Miracast haipiti kwenye intaneti. Ukirusha kwa Cast inapita kwenye ruta, lakini haitoki nje ya nyumba. Kinachokwama ni redio iliyo katikati ya vifaa vyako.

Kwenye Miracast sababu ninayoikuta zaidi ni hii. Kompyuta nyingi zina kadi moja ya Wi-Fi. Kadi hiyo ikiwa imeshika ruta kwenye masafa ya GHz 2.4 na wakati huo huo inarusha picha kwa runinga kwenye masafa ya GHz 5, inabidi iruke huku na huku, mara isikilize ruta, mara ipeleke picha. Utaiona kwa macho: picha inakwenda vizuri, inasita, inakwenda, inasita, kwa mpigo unaokaribia kulingana. Jaribio lake ni rahisi. Ikate kompyuta kwenye Wi-Fi ya ruta, lakini uiache Wi-Fi yenyewe imewashwa, kisha urushe tena. Ikitulia, umempata mkosaji. Kama huhitaji intaneti, endelea hivyo hivyo. Kama unaihitaji, unganisha kompyuta kwenye GHz 5 ya ruta, au ipe intaneti kwa waya.

GHz 2.4 yenyewe imejaa. Ina chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na humo humo zipo Bluetooth na jiko la microwave. Kwenye ghorofa la Kariakoo au Eastleigh unaweza kuona mitandao mingi sana ukifungua orodha ya Wi-Fi, yote ikigombea nafasi hizo tatu. GHz 5 ina nafasi zaidi, ila haipendi kuta za tofali. Ikiwa ruta iko chumba cha pili na kuta mbili zimesimama katikati, GHz 2.4 inaweza kukufaa zaidi hata kama inasongamana. Jaribu zote mbili ukiwa umekaa pale pale unapokaaga, usijaribie kando ya ruta.

Kwa Cast, mzigo unapita hewani mara mbili: kutoka kompyuta kwenda ruta, halafu ruta kwenda runinga. Ukiweza, chomeka runinga kwenye ruta kwa waya wa mtandao. Safari moja inaondoka hewani, na tofauti utaiona mara moja.

Kompyuta yenyewe pia inafanya kazi kubwa, inachukua skrini, inaibana kuwa video, inaituma, mara nyingi kila sekunde. Ikiwa kwenye Battery saver, inajipunguzia nguvu. Ichomeke chaji. Kompyuta ya zamani ipunguzie mzigo kwa kushusha ubora wa skrini hadi 1280 × 720. Maandishi ya slaidi yatasomeka bado.

Na kama unachotaka ni kuangalia video ya YouTube, usirushe skrini kabisa. Bofya alama ya Cast iliyomo ndani ya video yenyewe. Hapo runinga inaichukua video moja kwa moja kutoka intaneti, na kompyuta inabaki kama rimoti. Unaweza hata kufunga kifuniko chake. Kurusha skrini nzima ili kuangalia video ni kuifanya kompyuta ibebe mzigo ambao runinga ingeubeba vizuri zaidi.

Kuchelewa kidogo, kwamba unasogeza kipanya na runinga inafuata baadaye, ni jambo la kawaida. Kuwasha Game Mode kwenye runinga hupunguza, hakuondoi. Kwa mchezo unaohitaji mkono mwepesi, tumia HDMI.

Picha ipo, sauti imebaki kwenye kompyuta

Bofya alama ya spika chini kulia kwenye Windows, ubadilishe mahali pa kutolea sauti, uchague jina la runinga. Kwa Chrome, unaporusha skrini nzima kuna kisanduku kidogo cha kuruhusu sauti kwenye lile dirisha la kuchagua skrini, wengi wanakipita. Njia yenye uhakika zaidi ni kurusha kichupo kimoja, maana sauti ya kichupo huenda pamoja nacho.

Kila kitu kinaonekana isipokuwa filamu

Menyu zinaonekana, maandishi yanaonekana, ukibofya filamu kwenye Netflix panakuwa peusi, na wakati mwingine sauti inaendelea. Huo ni ulinzi wa hakimiliki unafanya kazi yake, na hakuna draiva ya kuutibu. Fungua programu ya Netflix iliyomo kwenye runinga, au tumia waya wa HDMI.

Kingo zimekatwa, au runinga inaonyesha picha tupu ya mandharinyuma

Kingo zikikatwa, rekebisha ukubwa wa picha kwenye runinga. Jina hutofautiana, lakini ni Screen Fit kwa Samsung na Just Scan kwa LG nyingi. Ukiona mandharinyuma matupu bila dirisha lako, kompyuta iko kwenye Extend. Bonyeza Windows + P, uchague Duplicate. Mistari myeusi pembeni si ubovu: skrini za kompyuta zenye umbo la 16:10 au 3:2 hazilingani na 16:9 ya runinga.

Jana ilikubali, leo imegoma

Jiulize nini kimebadilika kati ya jana na leo. Umeme ulikatika? Ruta ikiwaka upya inaweza kuchagua chaneli nyingine na kugawa anwani upya, na kompyuta ikashika mtandao wa jirani au wa wageni iliyowahi kuukumbuka. Windows ilijisasisha usiku? Ingia Device Manager, bofya kadi ya Wi-Fi, nenda kwenye Driver, uone kama Roll Back Driver inabofyeka. Irudishe, uwashe upya, ujaribu. Fanya hivyo hivyo kwa kadi ya michoro. Runinga nayo hujisasisha, na baada ya hapo inaweza kuhitaji kuchomolewa na kukutanishwa upya na kompyuta kama nilivyoeleza.

Ukifika hapa na bado imegoma, usimwandikie fundi "TV haikubali kuunganisha". Mtumie jina kamili la modeli ya runinga, toleo la Windows au macOS, ule mstari wa Wireless Display Supported, na anwani mbili za IP, ya runinga na ya kompyuta. Piga picha skrini zote mbili kwa simu wakati kosa liko wazi. Mimi nikipata hivyo, mara nyingi najua pa kugusa kabla sijatoka nyumbani. Na kama kikao ni kesho asubuhi, weka waya wa HDMI wa mita tano kwenye begi leo usiku.